Tulikwenda Kumwona Mtoto, Mzazi Tukamsahau

Siku ya tisa baada ya mdogo wangu kujifungua, nilibisha hodi kwake Tabata saa nane mchana nikiwa na mfuko wa zawadi mkononi. Ndani ya mfuko kulikuwa na viatu vya mtoto, vyeupe, vya kamba, vidogo kiasi kwamba ningeweza kuvivaa kwenye dole gumba. Mtoto alikuwa na siku tisa duniani. Sijui nilidhani anakwenda wapi.

Mlango ulichukua muda kufunguliwa. Mdogo wangu alikuwa amejishika chini ya kitovu, pale alipopasuliwa, na kanga aliyojifunga ilikuwa na madoa ya maziwa. Hakunisalimia. Alitazama mfuko, akauliza: "Dada, umekuja na chakula?"

Sikuja na chakula. Gesi ilikuwa imekwisha tangu jana yake jioni, na mtu mwenye mshono wa siku tisa hanyanyui mtungi. Shemeji alikuwa amesharudi kazini. Mama yetu, aliyekuwa aje kumuuguza, alikuwa mwenyewe anaumwa kule Singida. Tangu asubuhi mzazi wa watu alikuwa amekunywa chai ya rangi na vipande viwili vya mkate uliolala, halafu ananyonyesha.

Sasa niambie nilichokiona sebuleni. Mablanketi ya mtoto kumi na saba, mengine bado yako kwenye nailoni yake. Mabeseni ya kuogea manne, yote ya rangi ya waridi. Dubu wa manyoya mkubwa kuliko mtoto mara tatu, amekaa kwenye kochi kama mkwe. Jozi za viatu sikuzihesabu, niliona aibu kuongeza zangu. Na pembeni ya mlango kilisimama kigari cha kusukumia mtoto, cha magurudumu manne, kizuri kweli, zawadi ya wafanyakazi wenzake. Nyumba ile ukitoka nje unakanyaga mchanga mpaka barabara ya lami. Kigari kile hakijawahi kusukumwa hata hatua kumi.

Nilikaa kwenye kochi, pembeni ya dubu, nikapiga hesabu. Hesabu ilikuwa rahisi kwangu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina wa kamati ya bebi shawa yake.

Tulikuwa watu thelathini kwenye grupu, kila mmoja elfu arobaini. Hiyo ni milioni moja na laki mbili. Ukumbi na mapambo, laki nne na nusu. Chakula na vinywaji, laki tatu. Mpiga picha, laki moja na nusu. Keki yenye umbo la kitanda cha mtoto, laki moja na ishirini. MC, laki moja. Zikabaki elfu themanini, tukanunua kapu, tukalijaza poda, losheni na soksi, tukalifunga utepe. Sare hazimo humo, kila mtu alijinunulia kitambaa na kumlipa fundi. Zawadi binafsi nazo hazimo. Kwa jumla ulikuwa mchango mzuri tu, na nilitoa taarifa ya mapato na matumizi bila senti kupotea. Nilipongezwa kwenye grupu.

Wiki saba baadaye mtu tuliyemfanyia sherehe alikuwa na njaa.

Ninaandika haya kwa hasira, na hasira ya kwanza ni juu yangu mwenyewe. Lakini sitaki tuishie kwenye kujilaumu, maana lawama ikibaki ya mtu mmoja haimsaidii mzazi wa mtaa wa pili. Nataka tuulizane swali moja: zawadi tunayompelekea mtoto mchanga, tunampelekea nani hasa?

Tuanze na lugha, kwa sababu lugha yetu ilishalijibu swali hili zamani. Kiswahili humwita mwanamke aliyetoka kujifungua *mzazi*. Ukiambiwa "nyumba ya tatu kuna mzazi", hujaambiwa kwamba pana mtu mwenye watoto. Umeambiwa pita kwa adabu, punguza sauti, uliza kama maji yapo. Hospitalini tuna wodi ya wazazi, na akina baba hawalazwi humo. Zamani ukiaga nyumbani ulisema unakwenda kumwona mzazi. Siku hizi tunakwenda "kumwona mtoto". Tunaingia, tunanawa mikono kwa haraka kama tumekumbuka, tunampokea mtoto, tunapiga picha, tunasema kafanana na baba yake. Mzazi yuko pale, ameshika kanga yake, anatuchemshia chai.

Na tulikuwa na salamu ya maneno mawili: *pole na hongera*. Maneno yote mawili, kwa mpigo. Hongera kwa sababu amepata mtoto. Pole kwa sababu mwili umechanika au umepasuliwa, damu imetoka, usingizi umekatika, na maziwa yanauma yakija na yanauma yasipokuja. Fungua sasa grupu lolote la WhatsApp siku mtu anapojifungua. Hongera mia, maua, mioyo, makofi. Pole utaitafuta. Na zawadi zetu zimeifuata salamu. Keki ni hongera. Dubu ni hongera. Viatu vyangu vyeupe vilikuwa hongera tupu. Tumejaza nyumba ya mdogo wangu hongera mpaka mlangoni, na hakuna aliyeleta pole ya bakuli moja la supu.

Msidhani natamani tu mambo ya kale kwa kuwa ni ya kale. Lakini angalieni jinsi watu wa pwani walivyoufikiria mwili wa mzazi kwa muda mrefu. Katika mahari na ada zake kuna vitu vinaitwa mkaja na ubeleko. Mkaja ni kitambaa anachofungwa mzazi tumboni ili kumkaza baada ya kujifungua. Ubeleko, au mbeleko, ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Siku binti anapoolewa, mwoaji anatakiwa kumpa mama wa binti mkaja na ubeleko. Yaani miaka ishirini na kitu imepita, yule mtoto sasa ni bi harusi, na bado kuna watu wanakumbuka kwamba tumbo la mama huyu lilifungwa kitambaa na mgongo wake ulibeba. Leo hulipwa kwa fedha, na wengi wanaolipa hawajui hata maana ya maneno. Sawa. Ila deni limeandikwa kwa majina ya vitu viwili vya mzazi, na halikuandikwa kwa jina la kiatu.

Kule Uchagani mzazi hupikiwa mtori, ndizi na nyama vikasagwa vikawa kitu cha kunywa na kula kwa wakati mmoja, na mtu anayejitambua haendi kwa mzazi mikono mitupu. Pwani kuna uji wa pilipili manga na kukandwa maji ya moto, na kuna zile siku arobaini ambazo mzazi hategemewi jikoni. Mengine ya zamani sitaki yarudi. Sitaki mzazi akatazwe mayai au samaki kwa sababu mkwe kasema. Sitaki mtu aliyepasuliwa akandwe maji ya moto juu ya kidonda. Sitaki arobaini igeuzwe kifungo. Lakini msingi wake ulikuwa sahihi: kwamba kujifungua ni kazi iliyoudhuru mwili, na kwamba jamii inadaiwa matunzo kwa siku kadhaa, siyo makofi ya alasiri moja.

Kuna msomaji ameshaanza kuniona mtu wa "acheni uzungu". Hapana. Bebi shawa imetoka Marekani, kweli, na kwa sura yake ya leo ilikua huko baada ya Vita Kuu ya Pili. Lakini ukali wangu hauhusiani na ilikotoka. Tungeweza kukopa kitu kingine kutoka huko huko kwa Wazungu. Nchini Finland, tangu mwaka 1938, serikali huwapa akina mama wajawazito boksi. Mwanzoni lilikuwa la wenye kipato kidogo, na mwaka 1949 likawa la kila mjamzito, kwa sharti moja: uwe umehudhuria kliniki kabla ya mwezi wa nne wa mimba kwisha. Ndani mna nguo za mtoto za saizi tofauti, nguo za kitandani na vitu vya kumtunzia mtoto. Chini mna godoro dogo, na boksi lenyewe linaweza kuwa kitanda cha kwanza cha mtoto. Asiyelitaka hupewa fedha. Hiyo ndiyo zawadi iliyofikiriwa. Inafika mapema, ina vitu vinavyotumika, haimwombi mama atabasamu mbele ya kamera, na inamvuta kliniki. Nchi ile haikuwa tajiri ilipoanza. Ilikuwa inazika watoto wachanga wengi, ikaamua kufanya kitu.

Sisi boksi hatuna. Tuna orodha. Mjamzito anayekaribia siku zake hujua ile orodha ya vitu vya kubeba: glavu, pamba, wembe, mpira wa kutandika, nyuzi, kanga kadhaa safi. Sera inasema huduma ya uzazi ni bure katika vituo vya umma, na kuna vituo ambavyo kweli ni bure. Lakini wanawake wanaobeba mabegi yao alfajiri hawabebi kwa kupenda. Sasa fikiria mwanamke anavishwa taji la maua ya plastiki ukumbini mwezi wa nane, watu thelathini wanamwimbia, kisha anarudi nyumbani kujibana anunue glavu. Laki moja na ishirini ya keki ingenunua kila kitu kwenye begi lile na nauli ya teksi ya usiku ikabaki.

Baada ya begi, hesabu siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja. Baba anapewa siku zisizopungua tatu, azitumie ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Siku tatu! Ukifiwa na kuku huwezi kumaliza kusimulia kwa siku tatu. Majirani zetu Wakenya wamempa baba wiki mbili. Shemeji yangu si mtu mbaya. Sheria ilimrudisha kazini siku ya nne, wakati mke wake bado hawezi kuinuka kitandani bila kugeukia ubavu. Na hao ndio wenye ajira ya mkataba. Mama ntilie hana siku 84. Msusi hana. Anayeuza mboga gengeni hana hata moja, akikaa nyumbani wiki mbili mtaji umekwisha kwenye chakula. Ukitaka kujua zawadi gani inamfaa huyo, huhitaji kuingia duka la vitu vya watoto. Mrudishie mtaji.

Upande mwingine wa hesabu ni huu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 13 ya wanawake waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na kwamba katika nchi zinazoendelea kiwango kinafika asilimia 19.8. Weka kando desimali: ni mzazi mmoja katika kila watano. Kumbuka bebi shawa tano za mwisho ulizochangia, halafu jiulize ni yupi. Hujui. Nami sikujua.

Mchana ule, baada ya kununua gesi na kupika uji na mayai kwa haraka, mdogo wangu alikula bila kusema neno, akamaliza, akaniambia huku akitazama bakuli: "Jana usiku nilimweka kitandani nikatoka nikakaa kwenye ngazi. Alikuwa analia. Nilikuwa namsikia kabisa. Nikashindwa kuinuka." Alisema kama mtu anayeeleza habari ya mtu mwingine. Pembeni yetu dubu alikuwa anatabasamu.

Sisemi bakuli la uji linatibu sonona. Sonona ni ugonjwa, ina wataalamu wake, na kama huzuni haiondoki baada ya wiki mbili, mzazi apelekwe akaonwe, asiambiwe "wenzako wanatafuta mtoto". Ninachosema ni kwamba mtu aliyeleta chakula angekuwa ndani ya nyumba. Angeona. Zawadi inayokuleta jikoni kwa mzazi inakupa macho, na zawadi inayotumwa na bodaboda ikiwa na utepe haikupi kitu.

Kwa hiyo ukiniuliza, ndugu msomaji, umpelekee nini mzazi, nitakujibu bila kuzunguka.

Peleka chakula kilichopikwa, kwenye hotpoti, cha kula leo na kesho, na usisubiri hotpoti irudi. Kama unaogopa kwamba hali vya watu, na wapo wasiokula vya watu, heshimu hilo: peleka vibichi. Kuku aliyekwisha katwa, ndizi, unga wa uji, karanga zilizosagwa, maziwa. Jaza mtungi wa gesi. Lipia maji kama mtaa wenu unanunua kwa ndoo, maana nyumba yenye mtoto mchanga inafua kama dobi.

Peleka pedi kubwa za wazazi. Hakuna anayezileta kwa sababu haziwekwi statasi, na kila mzazi anazihitaji kwa wiki kadhaa. Peleka sabuni ya unga. Peleka doti mbili za kanga, na ukiweza zifue kwanza mara moja, wanga utoke. Kanga ni zawadi ambayo haijawahi kumwangusha mzazi: ni shuka, ni taulo, ni mbeleko, ni pazia wageni wakizidi. Ukichagua jina lake kwa makini, umempelekea na neno la kusoma anapokuwa macho saa tisa usiku.

Kama lazima ununue nguo za mtoto, nunua za miezi sita au tisa. Za siku ya kwanza kila mtu kanunua.

Toa nauli. Shirika la Afya Duniani linashauri mama na mtoto waonwe na mhudumu ndani ya saa 24 za kwanza, kisha siku ya pili au ya tatu, kisha kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, kisha wiki ya sita. Mwanamke mwenye mshono hapandi bodaboda wala hagombanii daladala. Nauli ya bajaji kwenda na kurudi, mara tatu, ndani ya bahasha, ni zawadi ambayo daktari angeiandikia cheti.

Toa fedha. Najua kuna watu wanaona fedha haina adabu. Huko harusini tunazitunza jukwaani watu wanaona, msibani tunaandika daftarini kwa majina, halafu kwa mzazi ndiyo tunaona haya? Mpe yeye, mkononi mwake, usimpe anayempokelea. Mithali inasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Elfu tano inanunua trei nusu ya mayai au inakaribia.

Na toa saa zako. Nenda asubuhi, vaa kanga kiunoni, fua, deki, mshike mtoto saa mbili mama alale. Usingizi huo haununuliwi Kariakoo. Halafu ondoka. Mgeni njoo, mwenyeji apone: wahenga hawakusema njoo, kaa saa tatu, unywe soda, umsimulie mzazi habari za mtoto wa fulani aliyefariki.

Kuna kimoja naomba usipeleke: kopo la maziwa na chupa ya kunyonyeshea, "kwa ajili ya akiba". Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kudhibiti uuzaji wa maziwa mbadala wa maziwa ya mama. Kampuni zisiyatangaze kwa umma, zisiwape kina mama sampuli za bure. Kwa nini? Kwa sababu kopo likiwa ndani, usiku wa tatu maziwa yanapochelewa na mtoto analia, litafunguliwa. Mtoto akishiba chupa, ananyonya kidogo. Akinyonya kidogo, maziwa ya mama yanapungua. Kopo likiisha, lingine linanunuliwa kwa fedha ambayo haipo, au linazimuliwa kwa maji mengi. Ushauri ni maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, bila hata maji. Sasa kama kampuni yenyewe inakatazwa kumpa mzazi kopo la bure, wewe shoga yake unampelekea la nini? Wapo wasioweza kunyonyesha, na wapo watoto waliofiwa na mama. Hao daktari atawaambia wanahitaji nini, nao watakwambia. Subiri kuambiwa.

Najua majibu yanayonisubiri. La kwanza: mzazi mwenyewe anapenda bebi shawa. Ni kweli, mdogo wangu alicheza siku ile mpaka tukamkalisha kwa nguvu, na picha zake anazipenda hadi leo. Furaha nayo ni haki, hasa kwa mtu anayekwenda mahali pa hatari. Sisemi tuzime muziki. Nasema kamati ikae na kalamu, igawe fungu kabla ya kumlipa mpambaji. Tungepiga picha kwa simu, tukakata keki ya elfu arobaini, tukafanyia uani kwa mama mdogo, ingebaki laki saba. Laki saba ingemlipa dada wa kusaidia kazi miezi kadhaa.

La pili: hayo ni kazi ya mama mzazi na mama mkwe. Ilikuwa hivyo walipokaa uani mmoja. Leo mama yuko Singida, mkwe yuko Tandahimba, na mzazi yuko chumba na sebule Tabata na majirani wasiojua jina lake. Tumehamia mjini tukaacha watu wa arobaini nyuma, halafu tukaleta maputo kujaza nafasi yao.

La tatu linatoka kwa wanaume, nao wana bebi shawa yao: "kumpongeza baba". Nimeona michango ya kreti za bia kwa mtu ambaye mkewe yuko wodini hajanunuliwa dawa. Ndugu zangu, mkitaka kumpongeza baba, mwombeeni ruhusa kazini. Shikeni zamu zake siku tano ili abaki nyumbani afue nepi. Mwanaume aliyelala hoi kwa kufua nepi ni baba aliyepongezwa.

Mtoto yule sasa ana mwaka na miezi miwili. Viatu vyangu vyeupe havikumwingia hata siku moja. Alipoanza kutembea, mguu ulishavipita. Blanketi tisa ziligawiwa. Dubu alinyeshewa mvua. Kigari bado kipo mlangoni, mdogo wangu huwekea nguo zilizokunjwa.

Mwezi uliopita binti wa shangazi yetu alijifungua, na grupu likafunguliwa kama kawaida. Kabla mtu hajataja rangi ya sare, mdogo wangu aliandika orodha ya siku kumi na nne, kila siku na nafasi moja wazi mbele yake, na maelezo mafupi: chakula cha mchana na cha jioni, ukifika fua, usikae. Kwa nusu saa hakuna aliyejibu. Kisha mtu mmoja akachukua Jumatatu. Mwingine akaomba Alhamisi kwa sababu Alhamisi hana zamu. Mimi nilichukua siku ya tisa.